Boksi la Besi Libaki Jukwaani

Kuna kauli imegeuka kuwa sheria kwenye majukwaa yetu bila mtu kuijadili: "Besi tupitishe laini tu, boksi la nini?" Utaisikia kwenye kumbi za harusi Dar es Salaam, utaisikia makanisani Nairobi, utaisikia kwa vijana wanaofunga mitambo ya matamasha ya wazi kutoka Mwanza hadi Mombasa. Mpiga besi anafika na gitaa lake begani, anauliza spika yake iko wapi, anaoneshwa kisanduku cha DI kilicholala sakafuni karibu na stendi ya maikrofoni. Achomeke hapo, waya utaenda kwenye mikseri, na kazi iliyobaki ni ya fundi mitambo. Akiuliza mara ya pili, anaambiwa maboksi ni mambo ya zamani.

Mimi napiga besi, dansi na harusi kwa sehemu kubwa, na kauli hiyo naipinga kuanzia msingi wake. Anayesema boksi limepitwa na wakati amechanganya kazi mbili. Tangu mwanzo boksi la besi lilikuwa na kazi ya kuwafikishia sauti wanaocheza ukumbini, na lilikuwa na kazi ya kuwawezesha waliopo jukwaani wapige pamoja. Kazi ya kwanza imechukuliwa na mitambo ya ukumbi, na ichukuliwe. Kazi ya pili haijapata mrithi kwenye kumbi tunazopigia sisi, na hiyo ndiyo inayowafanya watu wanane wenye vyombo wawe bendi.

Historia inaeleza mkanganyiko ulianzia wapi. Leo Fender alipotoa gitaa la besi la Precision mwaka 1951, chombo hicho kilikuwa karibu bubu bila ampu, na mwaka uliofuata akatoa ampu ya Bassman ili kisikike. Enzi zile mitambo ya ukumbi ilikuwa ya waimbaji tu. Kila chombo kilijitegemea, na kadiri kumbi zilivyopanuka ndivyo maboksi yalivyoongezeka ukubwa. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ikatoa SVT, ampu ya vali yenye wati 300 iliyosukuma maboksi ya spika nane za inchi 10, na Rolling Stones wakazunguka nayo Marekani mwaka huohuo. Mwaka 1974 kundi la Grateful Dead likafika mwisho wa njia hiyo: lilijenga nyuma yake ukuta mzima wa spika, kila chombo na safu yake, ukuta huohuo ukiwahudumia wanamuziki na hadhira kwa pamoja. Sauti ilikuwa safi ajabu, lakini mzigo wa kuusafirisha na kuusimamisha ukawashinda, na kabla mwaka haujaisha wakauacha.

Baada ya hapo mitambo ya ukumbi ilikua kweli. Leo hakuna sababu ya mpiga besi kuujaza Uwanja wa Uhuru kwa boksi lake, na anayejaribu kufanya hivyo anawaharibia wenzake. Hapo nakubaliana na wapinzani wangu moja kwa moja. Lakini wao wameona kazi moja ya boksi ikichukuliwa, wakahitimisha kwamba boksi zima halina kazi. Tuzitazame hoja zao moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni ya sabufa. Wanasema mitambo ya leo ina sabufa za inchi 18 zinazoshuka chini kuliko boksi lolote la besi, sasa mpiga besi anataka nini zaidi? Nawaomba watazame sabufa hizo zinakaa wapi. Ziko mbele ya jukwaa au chini yake, na zimepangwa kwa ajili ya wanaocheza. Uzi wa E wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutoa sauti ya 41 Hz, na wimbi la sauti hiyo hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Wimbi refu kiasi hicho halijali spika imeelekezwa upande gani. Linaizunguka na kurudi jukwaani kwa nguvu. Sauti za kati na za juu za besi, zile zinazoliambia sikio noti imeanza wapi na kidole kimeikata wapi, hutoka kwenye spika za juu zinazotazama mbele, nazo hazirudi nyuma hivyo. Matokeo yake, aliyesimama jukwaani anapata ngurumo ya noti asiipate noti yenyewe. Wanaojisifu kwamba wamesafisha jukwaa kwa kuondoa boksi wameliacha jukwaa limejaa matope ya besi, wakaondoa kile kilichokuwa kikiyapa maana.

Halafu kuna suala la muda. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, ambayo ni karibu milisekunde 3 kwa kila mita. Boksi likiwa mita moja na nusu kutoka kwa mpiga dramu, noti inamfikia ndani ya milisekunde 5, wakati mguu wake bado uko kwenye pedali. Noti iliyotoka kwenye sabufa, ikaenda kugonga ukuta wa nyuma ulioko mita 20 na kurudi, imesafiri mita 40 na kuchukua milisekunde zaidi ya 115. Kwa wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, hiyo inakaribia robo nzima ya pigo. Mpiga dramu asiye na boksi karibu anafuata mwangwi, na bendi inayofuata mwangwi lazima ianze kuvuta nyuma. Wachezaji watahisi uzito miguuni bila kujua chanzo chake.

Kwenye dansi letu jambo hili ni la kufa na kupona, maana besi ya dansi na ya rumba haipigi kila pigo. Inaacha mapengo, inajibu tumba, inampisha mpiga dramu na kurudi. Tazama bendi inapotoka kwenye beti kuingia chemko. Mwimbaji anatupa neno au anainua mkono. Gitaa la solo linabadili mzunguko. Mpiga dramu anapiga roli fupi, mpiga besi anakata noti mbili, ananyamaza kwa pigo moja, kisha anaingia chini kabisa na ukumbi mzima unasimama. Utamu wote uko kwenye lile pigo la ukimya, na ukimya huo haupigiki kwa usahihi kama wanaoupiga hawasikilizani. Ngurumo inayozunguka jukwaani inalifukia pengo. Boksi lililo karibu, lenye sauti ya wastani na noti zinazosomeka, linaliacha wazi.

Nimewahi kupigia sherehe Dar es Salaam ambako wenye mitambo walikataa kabisa boksi. Wimbo wa pili haujafika katikati, mpiga tumba akasogea hadi ubavuni mwangu, akaacha kusikiliza na kuanza kutazama vidole vya mkono wangu wa kulia ili ajue nimeshika wapi. Mpiga dramu, ambaye alikuwa mbali na vidole vyangu, akawa anategemea mabega yangu. Huko chini watu waliendelea kucheza na kutunza, na fundi mitambo aliamini kazi imekwenda vizuri kwa sababu kwake mbele besi ilisikika. Wanamuziki wazoefu tulikuwa tunaongozana kwa macho kama watu wasiosikia. Hiyo ndiyo bei ya jukwaa "safi", na anayeilipa haonekani na aliyeko kwenye mikseri.

Hoja ya pili ni ya monita. Wanasema boksi la nini wakati mpiga besi anaweza kuwekewa besi kwenye monita? Nauliza: monita gani? Kwenye sherehe nyingi na kumbi nyingi za dansi kuna monita mbili, zikizidi sana nne, zimepangwa mbele kwa ajili ya waimbaji. Kila mtu anazigombania. Ukiingiza besi kwenye spika ya inchi 12 inayobeba pia sauti ya mwimbaji, koni ileile inalazimika kwenda mbele na nyuma kwa umbali mrefu ili itoe noti za chini, huku ikitakiwa kutoa maneno kwa ufasaha. Maneno yanaanza kutetemeka. Mwimbaji anaomba aongezewe, fundi anaongeza, maikrofoni zinaanza kupiga miluzi. Wanaosema boksi la besi linasumbua waimbaji wanahamisha besi ileile kutoka nyuma ya jukwaa na kuileta mbele ya midomo ya waimbaji, kisha wanashangaa miluzi imetoka wapi.

Watasema tuvae monita za masikioni. Kifaa hicho ni kizuri, na sina ugomvi nacho pale kinapowekwa kikamilifu. Lakini kikamilifu maana yake kila mwanamuziki awe na chake, apate mchanganyiko wake mwenyewe, maikrofoni ziwekwe pia za kuwarudishia sauti ya ukumbi ili wasijione wamefungiwa chumbani, na awepo mtu ambaye kazi yake usiku kucha ni kuwahudumia waliopo jukwaani tu. Makanisa machache yenye uwezo yamefika huko. Bendi ya dansi inayopiga kuanzia saa tatu usiku hadi saa nane, yenye waimbaji wanaopokezana, wageni wanaopanda kusalimia na nyimbo zinazorefushwa kadiri watu wanavyochangamka, haijafika huko, na katika kumbi nyingi haitafika karibuni. Kumpa mpiga besi kifaa kimoja cha sikioni kilichounganishwa na mchanganyiko wa mtu mwingine ni kumtaka mpishi aonje mchuzi kwa ulimi wa jirani.

Hoja ya tatu ndiyo wanayoipenda zaidi: kelele za jukwaani. Wapiga besi, wanasema, wanafungulia ampu hadi mwisho, besi inamwagika kwenye maikrofoni zote na fundi mitambo anashindwa kuupanga muziki. Malalamiko haya yana ukweli, na mafundi wengi wanayasema kwa uchungu wa kweli. Ila dawa waliyoichagua inafuata mantiki ya samaki mmoja akioza: kwa sababu wapo wanaopiga kwa fujo, vyombo vya wote vinyang'anywe. Tuchunguze kwanza kwa nini mtu anafungulia kupita kiasi. Mara nyingi boksi lake liko sakafuni, yeye amesimama mita moja mbele yake, na spika inapigia magoti. Masikio yake hayapati sauti za kati zinazobainisha noti, hivyo anaongeza, na kila anapoongeza anayeumia ni fundi aliye mbele, ambaye masikio yake yako kwenye mstari wa spika. Inua boksi juu ya kreti au liegemeze nyuma litazame uso wa mpigaji, na mtu yuleyule atapunguza sauti kwa hiari yake kwa sababu sasa anajisikia.

Kuna pia suala la sakafu na ukuta. Boksi likiwekwa karibu na uso mgumu, sauti za chini huongezeka, kinadharia hadi desibeli 6 kwa kila uso. Boksi lililosukumwa kwenye kona ya jukwaa linapata nyongeza ya sakafu na kuta mbili ambayo hakuna aliyeiomba. Lisogeze kutoka kwenye kona, punguza kitufe cha besi kwenye ampu, waachie sabufa za ukumbi kazi ya kule chini kabisa, na nusu ya malalamiko inaisha kabla wimbo haujaanza. Nusu nyingine iko mikononi mwa fundi: karibu kila mikseri ina kitufe cha kukata sauti za chini kwenye njia za maikrofoni, kwa kawaida karibu 80 au 100 Hz. Sauti nyingi za waimbaji hazina kitu cha maana huko chini. Bonyeza kitufe hicho kwa kila maikrofoni ya mwimbaji, na sehemu kubwa ya besi iliyokuwa ikimwagika haitaingia.

Na tukisema tunajali masikio, tuseme yote. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 mwongozo wa usikilizaji salama kwenye kumbi na matamasha, unaotaka wastani wa sauti usizidi desibeli 100. Kinachozidisha kiwango hicho kwenye sherehe zetu mara nyingi ni mitambo ya ukumbi yenyewe. Boksi dogo lililo karibu na anayelihitaji linaruhusu jukwaa zima kushuka sauti, kwa sababu mtu anayesikia vizuri hana haja ya kudai zaidi.

Hoja ya nne ni ya wakubwa. Wanatuonesha picha za ziara za Ulaya na Marekani, jukwaa tupu kama sebule, kila mtu na vifaa vya masikioni, besi ikipita kwenye kifaa cha kidijitali kinachoiga ampu na maboksi. Basi na sisi tuwe hivyo. Jibu langu ni kwamba wanaiga picha na kuacha kilichoibeba. Nyuma ya lile jukwaa tupu kuna fundi wa jukwaani, kuna fundi wa mbele, kuna mazoezi marefu na mitambo ileile inayosafiri na kundi kila mji, hivyo mpigaji anapata leo kilekile alichopata jana. Sisi tunakutana na mitambo saa moja kabla ya kupiga, na mara nyingi tunaambiwa tujaribu vyombo huku wageni wameshaanza kuingia. Katika mazingira yasiyotabirika, mwanamuziki anahitaji kitu kimoja kisichobadilika chini ya mamlaka yake. Boksi ni hicho.

Vifaa vya kuiga maboksi navyo vieleweke vinafanya nini. Vingi vinaiga boksi lililowekewa maikrofoni na kurekodiwa, na sauti hiyo ni nzuri sana kwa kupeleka kwenye mikseri. Havisukumi hewa jukwaani. Ukikichomeka kifaa hicho penye monita mbili za kugombania, umepata sauti nzuri ambayo hakuna mwanamuziki anayeisikia. Wanaopenda mfano wa rekodi humtaja James Jamerson wa Motown, ambaye kwenye studio ile ya Detroit gitaa lake liliingia moja kwa moja kwenye mitambo bila ampu, na besi yake ikabadilisha muziki wa dunia. Ni kweli. Lakini Jamerson huyohuyo, alipokwenda kupiga kwenye klabu, alipiga kwa ampu ya Ampeg B-15 yenye boksi lake. Studio ni chumba kilichotengenezwa ili watu wasikilizane kwa namna nyingine. Jukwaa halina anasa hiyo. Bingwa wao mwenyewe alijua tofauti.

Hoja ya tano ni uzito na gharama. Zamani ilikuwa na nguvu. Boksi la spika nane za inchi 10 lina uzito wa kilo zaidi ya 60, na aliyewahi kulipandisha ngazi za ukumbi wa ghorofani anajua mgongo ulilipa nini. Hoja hii imepitwa na wakati kuliko boksi lenyewe. Sumaku za neodimiamu zimepunguza uzito wa spika, na ampu za kizazi kipya za daraja la D zinatoa wati 500 zikiwa na uzito usiofika kilo 3. Boksi la spika moja ya inchi 12 linabebwa kwa mkono mmoja na kuingia kwenye buti ya gari dogo, na kwa kazi ninayoitetea hapa, kazi ya kusikilizana jukwaani, linatosha kumbi nyingi za harusi. Anayekataa boksi leo kwa sababu ya uzito anakumbuka boksi la mwaka 1969.

Ni kweli pia kwamba maboksi mengi yaliyolipa boksi la besi sifa mbaya hayakustahili kuitwa hivyo. Kuna maboksi ya mtaani yaliyopasuliwa kwa kukadiria, tundu la hewa likawekwa pale lilipopendeza macho, spika ya sabufa ya nyumbani ikachomekwa ndani. Hesabu ya ukubwa wa boksi kulingana na spika iliyomo imejulikana tangu kazi za Neville Thiele na Richard Small kule Australia katika miaka ya 1960 na 1970. Boksi lililopuuza hesabu hiyo huvimba kwenye noti moja na kufa kwenye nyingine. Ukipiga A linanguruma, ukipiga C limepotea. Wengine huazima boksi la gitaa la solo, ambalo spika zake hazikuumbwa kwa mwendo mrefu wa besi, wakalipasua koni usiku wa kwanza. Lawama hizo ziende kwa boksi bovu na matumizi mabovu. Mikseri mbovu haijawahi kutufanya tuseme mikseri zote zitupwe.

Nimezijibu hoja za ufundi. Chini yake kuna jambo zito zaidi, nalo ni nani mwenye sauti ya bendi. Bendi zetu kubwa zilizaliwa pamoja na vyombo vyao. NUTA Jazz, ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma, ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, inayojulikana pia kama Sikinde, ilianza mwaka 1978 na baadaye ikachukuliwa na DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mwajiri alinunua vyombo, vyombo vilikaa ukumbini, na wanamuziki walifanya mazoezi kwa magitaa, ampu na maboksi yaleyale waliyopigia usiku. Mpiga besi aliijua spika yake kama anavyolijua gitaa lake: alijua noti gani inavuma, alijua asimame wapi. Kukatokea mlio wa bendi, ule ambao msikilizaji aliutambua kabla hajasikia jina la wimbo.

Mfumo ule ulikuwa na matatizo yake, na wanamuziki wengi walihama bendi hadi bendi kwa sababu hawakumiliki hata uzi mmoja wa gitaa. Siutamani urudi. Lakini kilichokuja badala yake kimehamisha mamlaka kutoka kwa mwanamuziki hadi kwa mwenye mitambo ya kukodi. Leo anayeamua besi iwe nene au nyembamba, isikike au isisikike, ni mtu aliyekutana na bendi jioni hiyo, ambaye huenda kesho ana mkutano wa hadhara na keshokutwa ana semina. Sisemi kwamba hajui kazi. Wapo mafundi mitambo hodari sana ambao bila wao tusingekuwa na muziki. Ila hata aliye hodari hawezi kuijua sauti ya bendi kuliko bendi, na boksi jukwaani ndilo linalomwambia: besi ya watu hawa inalia hivi, ipeleke mbele kama ilivyo. Bila boksi hana cha kufuatisha. Anabuni.

Kwa hiyo natoa mapendekezo ambayo fundi na mpigaji wanaweza kuyatekeleza Jumamosi hii. Boksi liwekwe upande wa haihati, karibu na mpiga dramu, limeinuliwa au limeegemezwa lielekee masikioni. Laini ya mikseri ichukuliwe kwenye ampu kabla ya vitufe vya sauti, jambo ambalo ampu nyingi zinaliwezesha kwa swichi moja ya nyuma, ili mpigaji akirekebisha sauti ya jukwaani asiivuruge ya ukumbini. Majaribio ya vyombo yaanze mitambo ya ukumbi ikiwa imezimwa: dramu, besi, magitaa na tumba wapige pamoja hadi wasikilizane, ndipo waimbaji waingie, ndipo fundi afungue spika za mbele kidogo kidogo. Bendi inayosikika vizuri mitambo ikiwa imezimwa inamrahisishia fundi kazi, kwa sababu anachoongeza ni ukubwa tu.

Mpigaji naye ana wajibu wake. Ajue ohmu za vifaa vyake: maboksi mawili ya ohmu 8 yakiunganishwa sambamba yanakuwa 4, mawili ya ohmu 4 yanakuwa 2, na ampu nyingi zilizoandikwa kikomo cha 4 zitaungua au kujizima chini ya hapo. Atumie waya wa spika kati ya ampu na boksi, kamwe si waya wa gitaa, maana ule mwembamba wa ndani haukutengenezwa kubeba mkondo huo. Na akishasikia, aridhike. Boksi jukwaani ni haki yenye masharti, na sharti la kwanza ni kutompigia fundi ukumbi mzima kutoka nyuma yake.

Kwa ndugu zangu mafundi mitambo nasema: tunataka kitu kimoja, watu wacheze. Mkiona boksi la besi linapandishwa jukwaani, msilione kama dharau kwa mitambo yenu. Litawapunguzia maombi ya monita, litaiimarisha dramu, na umeme wa spika zenu ukikatika katikati ya chemko, bendi itaendelea kushikana hadi mrudi. Kwa waandaaji wa sherehe na matamasha nasema: mnapoandika orodha ya vifaa vya kukodi, andikeni ampu ya besi na boksi lake kama mnavyoandika dramu. Hakuna anayemwambia mpiga dramu kwamba siku hizi dramu ni za kizamani, alete vijiti tu.

Na kwa vijana wanaojifunza besi leo: kabla hamjanunua gitaa la pili, nunueni boksi. Dogo, jepesi, la kweli. Lifanyieni mazoezi hadi mlijue, kisha mwende nalo kazini, mkiambiwa halihitajiki mliweke hivyohivyo na kupiga nalo kwa sauti ya adabu. Wimbo wa kwanza ukiisha, muulizeni mpiga dramu kama liondolewe. Jibu lake ndilo lenye uzito, kwa sababu yeye ndiye mliyepiga naye.